Kitufe Namba Mbili

Oulu, Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Gari limeletwa mgongoni mwa lori,
jeusi, refu, mlango mzito kama wa hazina ya benki,
na ndani hakuna hata kijitaa cha kukuonyesha usukani.
Mwenyewe, Oiva Ylikangas, daktari wa meno mstaafu,
kashuka na risiti mbili mkononi:
betri mpya Oktoba, betri mpya Desemba.
"Na bado," akasema.
Huku kwetu neno lisilo na kazi halitoki nje wakati wa baridi.

Nikafungua buti, nikainua zulia.
Betri mbili, kulia na kushoto, kama figo.
Ya kulia ina kazi moja: kuiamsha injini, basi.
Ya kushoto ndiyo yenye nyumba:
taa, viti, joto la usukani, kufuli, saa,
kompyuta arobaini zinazonong'onezana gizani.
Mafundi wawili wakabadilisha ya kulia,
maana gari lisipowaka, wa kwanza kulaumiwa ni mwashaji.
Nikapima. Kulia: kumi na mbili nukta saba, mzima wa afya.
Kushoto: tisa nukta nne.
"Hii mbona haikuguswa?"
"Niliwakataza."

Sikuuliza. Nikaichaji usiku kucha,
asubuhi nikafunga milango, nikasubiri gari lisinzie.
Hapa ndipo wenye haraka hujikwaa:
gari la namna hii halilali papo hapo.
Linajigeuza, linakohoa pampu, linahesabu vioo vyake,
dakika arobaini nzima
ndipo kompyuta ya mwisho ifumbe jicho.
Ukipima mapema, umepima ndoto.
Nikanywa kahawa vikombe viwili,
kisha nikaubana waya hasi kwa koleo la kupimia.
Gari lililolala hulamba umeme, halinywi.
Hili lilikuwa likinywa ampea nzima.
Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini nguo hii ina mifuko sitini na minne.

Fyuzi moja moja.
Ya redio: ampea moja.
Ya paa: ampea moja.
Ya viti vya nyuma, ya pampu, ya king'ora: vilevile.
Vidole vikafa ganzi, nikavipuliza, nikaendelea.
Ya arobaini na moja, tarakimu zikaporomoka.

Simu.
Simu ya kale ndani ya egemeo la mkono,
ya mtandao uliozimwa zamani.
Usiku kucha inaamka, inaita mnara,
mnara haupo,
inalala, inaamka, inaita.

Nikamweleza. Akatazama kama aliyeonyeshwa jino bovu.
"Ing'oe."
"Na betri ya kushoto imechoka kabisa. Lazima itoke."
Akanyamaza mpaka nikasikia hita ya gereji.
Kisha akaonyesha mlango wa dereva, vitufe vya kumbukumbu ya kiti.
"Moja ni mimi. Mbili ni Hilkka.
Umeme ukikatika, kitasahau."

Labda kingesahau, labda la.
Yako magari yanayoandika mambo hayo pasipohitaji umeme.
Sikuwa na hakika,
na sikutaka kupata hakika kwa gharama yake.

Nikaazima betri ya pikipiki ya mpwa wangu,
nikaiunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
ishike zamu.
Nikaitoa nzee, kilo ishirini na nane za risasi na asidi,
nikaipachika mpya, jicho kwenye mita:
volti hazikushuka chini ya kumi na mbili hata mara moja.
Simu nikaiweka kwenye ndoo ya vyuma.

"Bonyeza," nikamwambia.
Akabonyeza namba mbili.
Kiti kikaguna, kikapanda, kikasogea mbele,
kioo cha pembeni kikainama kutazama ukingo wa barabara.
Akakitazama muda mrefu.
"Alikaa mbele zaidi ya hapo," akasema.
"Hakukiamini kitufe. Kila siku alikimalizia kwa kidole."
Akakisukuma, upana wa kucha, hivi.

Kitufe cha kuhifadhi kiko pale pale, pembeni.
Nikangoja akibonyeze.
Akapangusa miwani yake.
"Unanidai kiasi gani?"